SEKUNDE TISA: KOMPYUTA YAJARIBIWA USHIRIKA WA WALAJI MSHIKAMANO, KARIAKOO

Kikao maalumu cha Kamati ya Utendaji, Jumamosi 14 Julai 1984, saa 4:00 asubuhi, ghalani Mtaa wa Sikukuu.

Waliohudhuria: Ndg. Saif Hamud (Mwenyekiti), Ndg. Onesphory Kasmir (Katibu), Ndg. Mauza Salum (karani wa kadi za wanachama), Ndg. Leodegar Pantaleo (fundi mitambo, mwalikwa) na wajumbe sita.

Asiyehudhuria: Ndg. Candida Elieshi, kwa udhuru (foleni ya mafuta ya taa).

KUMB. NA. 1/7/84: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba kompyuta tuliyozawadiwa na ushirika rafiki wa ng'ambo ilikaa kwenye kasha miezi minne hadi wiki hii, wajumbe wakibishana. Wenzetu wa Magomeni wanaitaka. Kisipopatikana kibali cha kikao hiki, Jumatatu inapakiwa.

KUMB. NA. 2/7/84: SIFA ZA MASHINE
Ndg. Leodegar alifungua mfuniko, akaonyesha ubongo wenyewe: kidude cheusi chenye miguu arobaini, kifupi kuliko kidole cha shahada. Kinapiga mapigo milioni nne kwa sekunde, kinashika biti nane kwa mara moja, na kumbukumbu ya mashine ni kilobaiti sitini na nne. Mjumbe mmoja aliuliza kama Ijumaa kinapumzika. Katibu alisema wanaocheka wacheke, lakini ujamaa bila sayansi ni umaskini uliopangiwa zamu.

KUMB. NA. 3/7/84: HOJA YA KATIBU
Katibu alitoa hoja kwamba mashine ikishinda jaribio, Ndg. Mauza ahamishiwe ghala la Buguruni, kwani kazi yake ya miaka kumi na tisa itakuwa imekwisha. Ndg. Mauza alisema, "Kwanza ishinde."

KUMB. NA. 4/7/84: JARIBIO
Mashine, ambayo Ndg. Leodegar aliijaza wiki hii majina ya wanachama 1,200 kwa mfuatano wa kujiunga, iliamriwa kuyapanga kwa alfabeti, kazi inayomchukua Ndg. Mauza siku nne. Ilimaliza kwa sekunde tisa. Wajumbe walisimama, meza zikapigwa, Mwenyekiti akarusha kofia.

Ndg. Mauza aliomba kuiona orodha kiooni. Wa kwanza alikuwa Ndugu Sitara, akafuata Ndugu Amna, kisha Ndugu Klara. Alisema, "Mwanangu Leodegar, mbio nimeziona. Kazi ndiyo sijaiona. Hawa wamekaa vilevile walivyojiunga."

Ndg. Leodegar alikagua, akakiri: ili iende kasi, aliiagiza mashine ilinganishe herufi sita za mwanzo tu, na nafasi tupu huhesabiwa kama herufi. Kila jina letu limetanguliwa na "Ndugu". Mashine iliwaona wote sawa, haikumsogeza mtu.

Alipendekeza neno hilo lifutwe. Katibu alipinga kwa ukali: hatutamvua mwanachama undugu ili kumpendeza mgeni mwenye miguu arobaini. Mabishano yalichukua nusu saa.

Ndg. Mauza aliuliza, "Kwani mimi nikipanga kadi nalisoma hilo 'Ndugu'? Jicho linaliruka. Ifundishe iruke, halafu isome jina zima."

Ndg. Leodegar alijibu, "Mama, shikamoo," akaanza kuandika maagizo upya. Jaribio la pili: dakika saba na sekunde ishirini. Ndg. Mauza alisoma kiooni jina kwa jina, wajumbe wamemzunguka, hakuna aliyekaa. Kosa halikuonekana. Shangwe zilisikika hadi barabarani.

KUMB. NA. 5/7/84: MAAZIMIO
Mashine inabaki Kariakoo, kwa kauli moja. Msimamizi wake ni Ndg. Mauza, na mafunzo yalianza papo hapo.

Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono hoja ya Buguruni. Hakupatikana hata mmoja. Mtoa hoja naye hakunyosha mkono.

Wajumbe walitawanyika saa 7:40 mchana, isipokuwa wawili waliogoma kuondoka mbele ya kioo.

Saif Hamud, Mwenyekiti ……………
Onesphory Kasmir, Katibu ……………