Nyasi za Chujio la Soko

Mama Baraka,

Nakusalimu kutoka Litein, ambako baridi ya asubuhi bado inatutafuna. Kikohozi cha Baraka kimeisha? Na mama yako, goti linamruhusu kufika kanisani? Mimi ni mzima, cherehani pia ni nzima, na sare za shule zinanipa kazi.

Sijasahau ulivyoondoka hapa msimu wa mvua uliopita, viatu mkononi, mtoto mgongoni. Ulisema hamtarudi mpaka nyumba hii ijue tofauti kati ya sebule na mtaro. Sikukujibu kwa sababu godoro lilikuwa linaelea. Leo nina jibu.

Unalikumbuka lile chujio kati ya soko na mlango wetu, shimo pana la kokoto na mchanga ambalo maji ya mvua hupitia kabla ya kwenda mtoni? Nilidhani ni mradi uliozinduliwa ukaachwa, kama mingine. Kumbe wachuuzi wamelitunza miaka yote hii bila malipo. Soko likiisha, mtu wa zamu anaondoa majani ya kabichi na karatasi. Kiangazi wanakwangua tope lililoganda juu. Walikosea mara moja tu, na ndiyo hiyo uliyoikuta. Mwenyekiti wao, Mzee Koros, ni mkulima wa chai. Aliona nyasi zimeota mchangani, akazing'oa zote, pakawa safi kama shamba lake. Bila mizizi ya kuyafungulia maji njia mchangani, tope likaziba juu kama sakafu iliyokandikwa, na maji yakaja kwetu.

Mzee huyo hakutafuta wa kumlaumu. Alisimama mkutanoni akasema, "Ni mimi niling'oa hiyo nyasi. Kwetu shamba iko na nyasi ni aibu. Sasa nitapanda mwenyewe." Na akapanda, na umri wake ule, magoti kwenye tope. Mama Chebet anayeuza mursik, yale maziwa ya mgando, pale kando akanipa sepetu: "Fundi, wewe ni mtu wa ziwa, maji ni ndugu yako. Zamu yako ni Alhamisi." Tangu hapo hakuna anayeniita mgeni.

Juzi mchana ikanyesha mvua ya mawe. Nilipandisha cherehani mezani, nikakaa kitandani nimekunja miguu, nikaomba. Dirishani nilimwona Mzee Koros amesimama na mwavuli kando ya chujio. Maji yalipanda mpaka yakafunika nyasi, nami nikaanza kuzoea wazo la kuishi peke yangu. Halafu ncha za nyasi zikaonekana tena. Maji yalikuwa yanazama mchangani, polepole.

Mzee akabisha hodi, amelowa chapachapa.

"Fundi, huko ndani ni kukavu?"

"Ni kukavu, mzee."

"Haya. Wacha sasa niende nione chai yangu."

Mvua ile ya mawe ilikuwa imechanachana majani ya chai yake shamba zima. Alijua, na bado alianza na mlango wetu. Machozi yalinitoka, lakini usimwambie kaka yako wa bodaboda, atanicheka mpaka Krismasi.

Siwezi kukuahidi kwamba maji hayatakuja kamwe. Chujio hili linataka mikono kila wiki, na watu hawa hawachoki, ndiyo maana nawaheshimu. Mama Chebet ameshakupa zamu, Jumamosi, bila kukuuliza.

Msalimie mama, na shangazi yetu wa kwaya, na huyo kaka yako. Kisha fungasha. Safari hii utaingia ndani na viatu miguuni.

Wako,
Baba Baraka