Vidonge Saba vya Jumapili

Bi Ruqia mpendwa, mshauri wetu wa kila Alhamisi, nakuomba uniokoe kabla Jumapili haijafika, na jina langu usilitaje redioni kwa sababu hapa Kisegi mimi nikikohoa tu ufuo mzima unajua ni nani amekohoa, mimi ndiye fundi wa injini za boti, kutoka hapa mpaka kisiwa cha Mfangano hakuna injini ambayo haijapita mkononi mwangu, nimefika Mwanza, nimefika Jinja, kuna Mzungu aliniuliza nilisomea chuo gani nikamwambia chuo cha grisi, ingawa ukweli ni kwamba darasa la saba ndilo lililonishinda.

Sasa mwaka jana walinipima wakasema nina presha, nikapewa vidonge, kimoja kila asubuhi, na mimi nilikuwa nameza vizuri lakini kazi yangu ni ya kuitwa huku na huku, leo kisiwani, kesho Nyandiwa, pakiti inabaki nyumbani, ndipo nikafikiria kama fundi, nikasema injini huiwekei petroli kijiko kijiko, unajaza tangi halafu unaondoka, kwa hivyo na mimi nitakuwa najaza tangi Jumapili, vidonge saba kwa mpigo, nimalizane na wiki yote. Nilijaribu kwanza viwili kwa mpigo, vya siku mbili, sikuona shida, basi nikamsimulia shemeji yangu Byron, ndugu ya mke wangu, na nikisimulia kitu huwa nakisimulia vizuri.

Jumapili iliyopita nikameza saba. Jumatatu asubuhi navuta kamba ya kuwashia injini, macho yakaingia giza, nikaanguka katikati ya omena, hizi dagaa zetu, ambazo Dolphine muuza samaki alikuwa ameanika kwenye wavu. Huyo mama akashika kiuno akaniambia, "Fundi, kama unataka mboga si ungeomba tu." Kuona siamki ndipo akaita watu, nikapelekwa zahanati kwa bodaboda nikiwa nimebanwa katikati kama gunia. Muuguzi akapima akasema presha imeshuka sana, akaniuliza, "Leo umemeza dawa ngapi?" Nikamwambia leo sijameza hata moja, na huo si uongo Bi Ruqia, nilimeza jana. Akadhani ni njaa na jua, akanilaza mpaka jioni. Mke wangu Valary naye akaamini ni njaa, akajilaumu, na tangu siku hiyo napikiwa samaki na ugali asubuhi saa moja, kusema kweli naishi vizuri.

Shida ni hii. Jana Byron alinipigia simu akicheka, anasema alimwelezea mama yao ile akili yangu. Mama mkwe anakaa Masara, anauzia wachimba dhahabu chai na mandazi, ana miaka sabini na ana presha kama mimi, vidonge vyake pia ni kimoja kwa siku na yeye pia husahau. Eti amesema, "Huyo mkwe wangu ana kichwa. Jumapili nikitoka kanisani na mimi naanza." Na mila zetu Wajaluo unazijua, mama mkwe tunamwita maro, ni mtu wa kuheshimiwa mno, hata kula mbele yake ni kwa mpango, nitaanzaje kumpigia simu nimweleze habari za mwili na kuanguka kwenye omena? Na huko kwao mimi ndiye mkwe mwenye akili, huyo mwingine anaendesha punda tu. Au labda ni tangi langu ndilo dogo na kwake litafaa? Nishauri haraka.

Fundi, Kisegi

*

Fundi, pole kwa kuanguka. Pole na kwa Dolphine, maana omena zake hazikukukosea.

Injini unazijua, sibishani nawe. Lakini mimi nimesimama miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta ya duka la dawa mjini Migori, kwa hivyo leo nyamaza nikufundishe. Mwili hauna tangi la dawa, si lako wala la mama. Kidonge kikifika tumboni kinayeyuka, utumbo unakifyonza, kinapitia kwenye ini, ini linavunja sehemu yake, na kinachobaki kinazunguka na damu mwili mzima. Kidonge chako kinalegeza mishipa ya damu ili itanuke na msukumo upungue. Kimoja kinalegeza kwa kiasi. Saba havipangi foleni vikingojea Jumanne na Jumatano. Vyote vinashika kazi pamoja, mishipa inalegea kupita kiasi, damu haipandi kichwani inavyotakiwa, na hilo ndilo giza uliloliona.

Wakati huohuo ini na figo zinaitoa dawa pole pole. Sisi tuna neno, nusu-uhai: ni muda ambao dawa iliyo kwenye damu hupungua ikabaki nusu yake, kisha nusu ya hiyo nusu, hivyo hivyo. Dozi ya kila siku inarudishia kilichotoka jana, basi, ndiyo maana kiwango kinakaa sawa. Wewe mwanzo wa wiki umezidisha, mwisho wa wiki umepungukiwa. Vile viwili vya kwanza vilikuhurumia, nawe bahati ukaiita utafiti.

Mama ana miaka sabini. Kwa umri huo figo hutoa dawa taratibu zaidi, kwa hivyo kile kilichokulaza wewe mpaka jioni kinaweza kumlaza yeye moja kwa moja. Hilo la tangi dogo usilirudie mbele ya mtu yeyote.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, rudi kwa yule muuguzi umwambie: nilimeza saba, Jumapili. Alikutibu kwa habari ulizompa, na ulimpa robo. Usimeze kingine mpaka akupime na kukuambia uanze lini. Akikuruhusu, ni kimoja kila asubuhi, pamoja na chai, na pakiti nyingine ndogo ikae kwenye mfuko wa spana zako. Ukisahau na siku haijaisha, meza ukikumbuka. Siku ikishapita, imepita. Usimeze viwili kufidia. Na dawa ya presha haiachwi kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unaimeza.

Kuhusu mama, mila yako naiheshimu, na mila hiyo ilikupa mke. Mwambie Valary kila kitu, hata kama samaki wa saa moja watakwisha. Yeye ndiye atakayempigia mamake, tena leo, si Jumamosi. Byron usimtume; yeye akibeba habari anaongeza chumvi. Wala Valary asiseme dawa zimebadilika au daktari amekataza. Aseme hivi: "Mama, mume wangu alikosea, na yeye mwenyewe ameanguka. Meza kimoja tu, kila siku." Watacheka huko Masara, wacha wacheke. Una moyo mzuri, Fundi, ulitaka kuwarahisishia wenzako, na mkwe anayekubali kosa akiwa bado na nafasi ya kulirekebisha hapungukiwi heshima kwangu mimi.

Namba ya studio unayo. Mama akishamjibu Valary, "Nimesikia, kimoja," nitumie ujumbe. Sitaondoka hapa mpaka nimeuona.

Bi Ruqia