Uso wa Mama Mkwe

Jumanne, 5 Juni 1973
Maji, uji, kufagia. Hamisi katoka alfajiri, zamu ya stesheni. Mama yake bado chumbani. Hatoki hata uani. Alikuja kwetu kutoka Munisagara uso umevutwa upande mmoja, jicho la kushoto halifumbi, chai inamchuruzika pembeni mwa mdomo. Anakula amegeukia ukuta. Yeye, aliyekuwa anaongoza nyimbo kila harusi kule kwao! Majirani zake walisema kapigwa na pepo. Nadhani naye aliamini, ndiyo maana akakimbia.
Nimejaribu tena mbele ya kioo. Nalaza shavuni kile kipande cha pembe nilichopewa na daktari, navuta. Sijui kama ndivyo.

Jumatano, 6 Juni
Niandike nilivyofundishwa, kabla sijasahau. Wiki iliyopita tulimpeleka Mama Mikumi, kwa daktari wa Kichina, mwanamke, aliyefika zahanati ya pale. Akampima. Akasema kwa mdomo wa mkalimani: si pepo, si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso, mara nyingi hupona wenyewe polepole. Akatoa vidonge na dawa ya jicho. Na gwasha. Ndivyo nilivyosikia, gwasha. Kuukwaruza uso kwa pembe iliyosuguliwa ikawa laini, nyama zisikakamae.
Mama akakataa kuguswa. Basi daktari akanionyesha mimi, kwenye uso wangu mwenyewe, akanipa na kipande cha pembe. Haraka haraka, foleni ilikuwa ndefu. Mafuta kwanza. Shingoni kwanza, kushuka chini. Kisha kidevuni hadi sikioni. Kisha puani hadi sikioni. Uzito wa mkono sikuukamata. Ila mkalimani, ili tuone mfano, alikwaruzwa mgongoni mpaka ngozi ikawa nyekundu, na daktari akaridhika. Kwa hiyo nyekundu ndiyo dalili.

Ijumaa, 8 Juni
Nimekazana. Nimeisimamisha pembe kama mtu anayeparua magamba ya samaki. Wekundu haukuonekana vizuri, nikaongeza nguvu. Jioni shavu limevimba, na chini ya jicho pameiva weusi.
Nikaenda kufundisha hivyo hivyo. Darasa la watu wazima halingoji shavu la mwalimu. Akina mama wameinamia madaftari yao. Wakati wa kutoka mmoja akanishika mkono: "Pole, mwalimu. Ndoa ni kuvumilia."
Nimeelewa nikiwa njiani. Nimecheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Jumapili, 10 Juni
Siku mbaya. Niiandike yote.
Balozi wa nyumba kumi alikuja baada ya adhuhuri, na wazee wawili. Nyuma yao nusu ya mtaa. Hamisi alikuwa uani anatengeneza baiskeli. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba bila kuniangalia usoni.
"Hamisi," balozi akasema, "nchi hii haijengwi kwa kupiga wake."
Hamisi hakuelewa. Akanitazama mimi. Nikaanza kueleza: pembe, Mikumi, daktari wa Kichina. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Mtu mmoja nyuma akacheka. Balozi akaniambia, kwa upole, niseme kweli, nisiogope. Hamisi ameshika spana. Kesho stesheni nzima ingejua.
Mlango wa chumba ukafunguka.
Mama akatoka. Bila mtandio usoni. Jua lote juu yake, jicho wazi, mdomo umekwenda upande. Watu wakarudi nyuma.
"Nitazameni vizuri," akasema. Maneno yanamteleza, akayarudia mpaka yakasikika. "Mwanangu hajampiga mtu. Huyu mtoto anajiumiza uso wake ajifunze kuutibu wangu. Aliyetaka kuona pepo, pepo ndiye huyu. Sasa nendeni mkale."
Balozi akavua kofia. "Shikamoo, mama." Hakuitikia.
Walipoondoka aliegemea mwimo wa mlango. Nilitaka kumshika. Sikuthubutu.

Jumatatu, 11 Juni
Hamisi hasemi nami. Ana haki. Nilikuwa najifunza kwa siri, kwa kuona haya ya kushindwa, na fedheha ikamwangukia yeye.
Mchana Mama ameketi kwenye kigoda, mbele yangu, kanga kifuani. "Wameshaniona. Sina cha kuficha. Njoo."
Mkono wangu ulikuwa mzito kwa woga. Nikaanza shingoni. Akaruka. "Unachuna mbuzi?" Nikapunguza. "Bado." Nikapunguza tena. Akaushika mkono wangu akauongoza yeye, pembe imelala karibu kabisa na ngozi, inateleza juu ya mafuta. "Hivi. Kama unavyompaka mafuta mtoto mchanga."
Sina mtoto. Lakini mkono ulielewa.

Alhamisi, 14 Juni
Sasa najua nilikosea wapi. Mgongo ni mgongo, uso ni uso. Usoni wekundu si dalili njema, ni kosa. Pembe ilale. Mkono wa pili uishike ngozi isivutwe. Chini ya jicho, uzito wa pembe yenyewe tu, usiongeze kitu.
Anafumba macho ninapofanya. Lile moja linafumba nusu. Ananisimulia ujana wake. Leo kanifundisha wimbo ambao siwezi kuuandika humu, wa akina mama peke yao.

Jumatano, 20 Juni
Jicho limefumba. Karibu lote. Sijui ni vidonge, ni pembe, ni siku tu zilizopita. Mama anasema ni Mungu, na sibishani naye. Mdomo bado umeinama.
Hamisi alisimama mlangoni akitutazama. Akasema, "Na huku mgongoni kwangu je?" Neno lake la kwanza la maana tangu Jumapili ile. Nimemkwaruza mabega mpaka yakawa mekundu. Mgongo unaruhusu. Kidogo na mimi nilikuwa nalipiza.

Jumamosi, 7 Julai
Mama ameondoka kwa treni. Kuna harusi kwao, wametuma mtu kumwita. Mdomo haujanyooka sawasawa, na amesema ataimba hivyo hivyo.
Stesheni alizungumza muda mrefu na mwanamke asiyemjua, mambo ya bei ya mahindi. Aliponiaga alinigusa shavu kwa nyuma ya vidole.
Jioni nimepika wali wa watu watatu. Tumekula, umebaki. Hamisi kausogeza kwangu, nami nikausogeza kwake.