Dakika Kumi na Mbili Ngazini

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Habari za siku? Miguu yako je, baada ya kusimama kutwa kwenye chumba kile chenu cha baridi cha kupigia picha hospitalini? Mimi sijambo. Majibu ya moyo uliyonipa, yanayosema mimi mzima, nimeyabandika mlangoni ili wapangaji waache kunionea huruma. Tangu Jumatatu nimerudi kazini. Lifti ya jengo bado ni kabati la vumbi, kwa hiyo kila asubuhi napanda ghorofa saba hadi juu ya paa kufungulia maji ya tangi.

Kuna jambo dogo, usinicheke. Nikishafika na kuketi kwenye ndoo yangu, nasikia mtu anapanda nyuma yangu, ghorofa moja chini. Hatua mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Nikimwita haitiki. Nikichungulia, hakuna hata paka. Nadhani wapangaji wananitania.

Ni mimi, Baba yako

Tarehe 9 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, miguu inalalamika kama kawaida yake. Nimecheka, nisamehe. Mtu mzima kukimbizwa na nyayo! Lakini hapa kwetu tunaamini saa tu. Vaa ile saa ya mama, andika nyayo zinaanza lini na zinakoma lini. Na mwite yule mshonaji wa ghorofa ya sita aje asikilize.

Binti yako

Tarehe 15 Machi

Marahaba, mwanangu.

Nimepima siku tano. Zinaanza nikiketi tu, zinakoma dakika ya kumi na mbili. Mshonaji naye mpaka atafute kandambili zake, dakika ishirini zimepita, na mgeni ameshaondoka. Sasa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Ila nyayo zinasogea. Mwanzo zilikuwa ghorofa moja chini, jana zilifika kona ya mwisho ya ngazi. Nilimsikia akihema. Anahema kama mimi. Sikuita tena, maana niliogopa ataitika.

Baba yako

Tarehe 18 Machi

Baba, shikamoo.

Barua hii inaletwa na dereva wetu wa gari la wagonjwa. Tafadhali usipande ngazi. Hata moja.

Nimekosa. Dakika zako kumi na mbili zimenikumbusha zangu kumi na tano. Siku ile ulipotembea kwenye mkanda wa mashine ya mazoezi nikakuchoma ile sindano ya dawa ya picha, picha ilitakiwa ipigwe baada ya dakika kumi na tano, moyo ukiwa bado umechoka. Nilikuona umelowa jasho, nikakuketisha, nikakuletea chai, tukapiga soga za marehemu mama. Ilipita saa nzima. Kisha kwenye fomu mkono wangu ukaandika "dakika kumi na tano", kama unavyoandika kila siku. Moyo unaolegea baada ya kazi unaweza kurudiwa na nguvu ukipumzishwa, na mimi niliupiga picha ukiwa umesharudiwa na nguvu. Daktari akasoma fomu yangu, akakuruhusu kazi.

Nimemwambia kila kitu. Njoo Jumanne tupige upya. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Binti yako

Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Usijitese. Chai ile ilikuwa tamu, na mama yako tulimsema vizuri. Nitakuja.

Leo sikupanda. Mshonaji amenifungulia maji, mimi nimekaa kwenye kiti mlangoni chini. Nyayo nimezisikia hata hivyo. Zilikuwa zinashuka. Saba, sita, tano, taratibu. Zilipita kando ya kiti changu, baridi ikanigusa goti, zikatoka nje na kushika barabara inayokuja kwenu hospitalini. Tangu hapo kimya. Jiangalie na wewe, mama.

Baba yako

Tarehe 27 Machi

Baba, shikamoo.

Uko wodi ya juu yangu tu, lakini ana kwa ana sitaweza kukuambia haya. Muuguzi atakupa karatasi hii.

Ukiwa umepumzika, moyo wako ulisukuma nje asilimia hamsini na nane ya damu yake kila pigo. Dakika kumi na tano baada ya mkanda, thelathini na tisa. Baada ya saa nzima tukarudia: hamsini na sita. Daktari aliziweka picha hizo mbili za mwisho pamoja, akaamua ulazwe siku hiyo hiyo. Kesho watakuzibua mshipa wa moyo ulioziba, na anasema tumewahi. Nimelia chooni kwa furaha, sioni haya.

Sasa hili. Asubuhi lifti yetu ilikwama, nikapanda ngazi kuja kukuona. Nilipoketi kwenye benchi nje ya wodi, mtu alikuwa anapanda nyuma yangu. Mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Niliangalia saa. Ilipofika dakika ya kumi na mbili, alikoma.

Saa nane mchana mwenzangu wa zamu atanitembeza kwenye mkanda. Nimemwomba asiniletee chai.

Binti yako