Ramani ya rezo, na mwanafunzi aliyebaki Kalembe

Mama Consolée mpendwa,

Nakusalimu kutoka Masisi, mimi msikilizaji wako wa kila Jumamosi pale redio inaposhika. Naomba unisaidie, na naomba iwe haraka, kwa sababu kuna mama mmoja anayekuja kuketi mbele ya mlango wangu kila asubuhi na sina cha kumwambia.

Naitwa Mumbere, kwetu ni Butembo lakini ni asistenti wa kompyuta katika chuo kimoja hapa tangu nilipomaliza masomo, na mwaka huu Direkta alinipa somo la mwaka wa tatu, utengenezaji wa programu za wavuti ngazi ya juu, somo nililolitamani kuliko yote, nikajiapia kwamba sitalifundisha kama nilivyofundishwa mimi, kwa kunakili silabusi ubaoni hadi chaki inaisha. Siku ya kwanza niliwaeleza kwamba ukurasa wa kawaida ni wa kusoma tu, uufungue leo au mwezi ujao utakuambia yale yale, lakini programu ya wavuti inapokea, inatunza, inajibu, mtu wa Walikale anaandika kitu na mtu wa Goma anakiona papo hapo, na nyuma yake kuna seva inayojua nani aliingia, saa ngapi, na alifanya nini. Silabusi ya zamani ilikuwa na mfano wa duka la viatu. Darasa zima lilicheka, mmoja akauliza: "Mwalimu, nani atanunua viatu ku internet huku kwetu, na vitapita barabara gani?"

Nikawauliza basi wao wangependa programu ya kufanya nini, na jibu likawa moja, rezo, yaani mtandao wa simu, maana hapa kila mtu anahangaika kutafuta mahali simu inaposhika, tukakubaliana kutengeneza ramani, yeyote anayepata rezo mahali anaweka nukta na wengine wanaiona. Hiyo ikawa kazi ya kwanza ya mazoezi. Kila anayerudi kwao mwisho wa juma alitakiwa kuleta sehemu zake, na kila nukta ilibeba jina la aliyeiweka pamoja na saa, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa fundisho lenyewe, kumtambua mtumiaji, na pointi za nyongeza zikatangazwa kwa atakayeleta mahali ambapo hakuna mwenzake aliyefika. Na ilifanya kazi, Mama! Niliona wanafunzi wanabaki darasani hata jenereta ikiwa imezimwa, wanabishana juu ya kitu walichokitengeneza kwa mikono yao, na nilifurahi mno, sijui kama nitafurahi tena hivyo.

Sasa unajua kwetu rezo inashika wapi. Inashika juu ya vilima. Na juu ya vilima unajua wanakaa nani. Mimi nilijua pia, kila mtu anajua, lakini sijui ilikuwaje, mambo haya mawili hayakukutana kichwani mwangu.

Mwanafunzi mmoja anaitwa Callixte Habumugisha, mtoto wa kijiji cha Muheto, familia yake iliacha mashamba ikakimbia mapigano na mama yake, Mama Dancille, sasa yuko kambini hapa Masisi. Callixte alizitaka zile pointi. Akaenda Kalembe, kule mpakani na Walikale, kwa mjomba wake, akapanda kilima na simu na mashini yake, ile kompyuta ya kubeba, akakutwa na vijana wenye silaha, wakaifungua mashini, wakaona ramani, nukta juu ya kila kilima, na majina, na saa. Na jina lake mwenyewe, Mama, unaelewa, ni la Kinyarwanda, kule linamuongezea taabu. Wakasema ni mpelelezi.

Habari ililetwa na Isidore, dereva wa pikipiki anayefanya njia hiyo. Kamanda wao alimwambia hivi, na Isidore alinisimulia neno kwa neno: "Ambia ule mwalimu akuye yeye mwenyewe na mashini yake, atufasirie iyo cours iko ya namna gani. Akitufasiria muzuri, mutoto atarudia. Asipokuya, tutajua ya kufanya." Kulitambulisha somo mbele ya wanafunzi naweza, nimezoea, lakini mbele ya mtu mwenye bunduki nitaanzia wapi, nimwambie seva ni nini?

Mke wangu Kavira ana mimba kubwa na hataki hata kusikia neno Kalembe. Ananiambia: "Bengine balienda kufasiria mambo kule, na hatukubaona tena. Weye na mashini yako, batakubakisha juu uko na kazi ya kubafanyia. Na miye na hii tumbo nitabaki na nani?" Kaka yangu mkubwa ana lori la biashara, anasema nipande, tukishapita Mubambiro, kule njia ya Goma, hakuna atakayenitafuta, Goma kazi nitapata. Direkta anasema chuo hakikumtuma mwanafunzi mlimani na hataki kuandika chochote, ila ramani ibaki wazi kwa sababu kuna wageni wa mradi watakuja kuitazama. Mimi nikitafakari naona zoezi lilikuwa la kawaida, programu ya masomo inadai mazoezi, na Callixte ni mtu mzima, alichagua mwenyewe kwenda mbali vile. Lakini Mama Dancille anakuja na kuketi, hapigi kelele, ananiuliza tu: "Mwalimu, sikuye kukugombeza. Weye njo unajua ile masomo. Mutoto wangu alikuwa anatafuta nini kule juu?"

Niende Kalembe au nipande lori? Tafadhali usilitaje jina langu.

Wako mwenye hofu,
Mumbere

*

Mwalimu Mumbere,

Barua yako sitaisoma redioni. Makamanda nao wana redio. Nimeandika jibu kwa mkono na kumpa dereva yule yule wa lori la kaka yako aliyeniletea barua yako, kwa hiyo keti ulisome.

Hapana, usiketi bado. Ile ramani bado iko wazi, sivyo? Majina ya wanafunzi wako bado yamesimama juu ya vilima na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma, wa upande huu na wa upande ule, kwa sababu Direkta anasubiri wageni! Nenda ukaifute. Sisemi uifiche wala uifunge kwa neno la siri. Ifute kwenye seva pamoja na kila nakala, na umwambie kila mwanafunzi aifute kwenye mashini yake na asipande tena mlima wowote kwa ajili ya shule. Kisha urudi tuzungumze.

Nakuonea huruma, na sisemi kwa adabu tu. Najua furaha ya mwalimu ambaye darasa lake limeamka, nami nilifundisha kabla ya kukaa mbele ya kipaza sauti. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja na sikuiona. Unaandika zoezi lilikuwa la kawaida, pointi zilitangazwa, mtoto alichagua. Zilijitangaza zenyewe? Wewe ndiye uliyemtuma, Mumbere. Mwanafunzi wa kambini, ambaye familia yake imepoteza mashamba na amebaki na shule tu, ukimwonyesha pointi mbele yake atazifuata hadi zinapokwenda. Ulilijua hilo, ndiyo maana ukaziweka.

Tena nikuambie jambo litakalokuuma. Yule kamanda amekosea juu ya mtoto, mtoto si mpelelezi, na ni kosa linaloweza kumuua. Lakini ramani ameisoma sawasawa. Ni wewe uliyeitengeneza ambaye hukuisoma. Uliwafundisha wanafunzi kwamba programu nzuri inatunza nani alifanya nini na saa ngapi, wala hukuwaambia kwamba huku kwetu watu wameuawa kwa sababu jina lao lilionekana mahali fulani saa fulani. Siku ukisimama tena mbele ya darasa, Mungu akijalia, anza na hilo, ndipo uingie kwenye mambo ya seva.

Unaniuliza lori au Kalembe. Lori liache liende. Ukikimbilia Goma wale watasema wazi, mwalimu amekimbia, basi ilikuwa kweli, na hakuna mtu atakayeweza kumtetea Callixte baada ya hapo. Utakuwa umetoa ushahidi dhidi yake bila kufungua mdomo.

Utaenda, lakini si kichwa kichwa. Kavira hajakosea hata neno moja, mtu anayejua kompyuta akifika na kompyuta yake wataona faida ya kumbakisha. Kwa hiyo mashini inabaki nyumbani, hata kama kamanda ameitaka. Beba karatasi ya zoezi na barua ya chuo yenye muhuri, inayosema Callixte ni mwanafunzi na kazi ile ilikuwa ya darasa. Direkta ataiandika leo. Akianza kunawa mikono, mwambie Jumamosi nitauliza hewani, bila kutaja Kalembe, ni direkta gani wa Masisi anayependa kuonyesha wageni kazi za wanafunzi ila hana haja na wanafunzi wenyewe.

Usiende peke yako na Isidore. Nenda kwa padri wa parokia, mapadri wa huko wana watu wanaopita na kusikilizwa, na wameshawahi kutoa watu mikononi mwa wenye silaha. Padri atume neno kwanza. Asipopata jibu hamuondoki. Akipata, mnaondoka asubuhi, mnarudi mchana ule ule, na unafanya anavyosema yeye, hata akisema ukae kimya njia nzima. Mama Dancille umuulize kama anataka kuwa pamoja nanyi. Ni mtoto wake, usimchagulie.

Mbele ya kamanda usifundishe. Maneno yako ya darasani yaache darasani, hata neno seva usilitaje. Sema hivi: ilikuwa kazi ya shule, tulitaka watu wajue simu inashika wapi, mimi nilifanya ujinga kwa sababu nilisahau nani anakaa juu, nimeifuta, mtoto alikwenda kwa sababu nilimtuma. Usimwambie hajaelewa. Atakasirika, na atakuwa na haki. Akikutaka umtengenezee na yeye ya kwake, jibu kwamba huwezi bila umeme na vyombo vya chuo, na shukuru kwamba kwa mara moja umaskini wa chuo chako una faida.

Kabla ya kuondoka, mpeleke Kavira kwa dada yake au kwa mama mwingine atakayekuwa naye ikiwa uchungu utaanza. Mwambie ukweli wote, pamoja na ule ulionificha mimi, kwamba wewe ndiye uliyemtuma. Anastahili kujua anamsubiri mtu anayefanya nini.

Siwezi kukuahidi kwamba utarudi, wala kwamba mtamkuta. Nimesoma barua nyingi kutoka huko kwenu na ningekuwa mwongo. Naombea mrudi wote, na naomba hivyo kweli, Mumbere, nimeandika jina la mtoto huyu kwenye karatasi yangu ya kusali.

Lakini mkifika na kuambiwa hayupo tena, na kama mama yake alibaki Masisi, usipite njia ya nyuma kwenda nyumbani kwako. Nenda kwanza kambini. Keti chini mbele yake, umwambie mwanawe alikuwa anatafuta nini kule juu, na ni nani aliyemtuma kukitafuta. Hiyo kazi usimpe padri, na usimpe Isidore.

Mama Consolée