Jumatatu Saluni Imefungwa

Jumapili, 3 Machi

Dada kapita mbele ya saluni leo. Hakuingia. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nikamwona kwenye kioo — mgongo wake, mkoba wake, kitinda mimba wake begani. Nikainua mkono. Kama vile kioo kinaita mtu!

Ni tangu ile sherehe ya Mama. Muziki ulipofunguliwa, binti yangu aliziba masikio akapiga mayowe, keki ikaenda chini. Dada akanigeukia mbele za watu: umemdekeza huyu, niletee wiki moja tu atanyooka. Nikasema ni usonji, daktari kasema. Akasema siku hizi kila utundu una jina la hospitali. Tukanuniana. Mpaka leo.

Nimemkumbuka. Hata makelele yake.

Jumatatu, 4 Machi

Jumatatu sifungui, ndiyo maana nimeichagua. Drayari kimya, redio kimya, ile taa inayovuma nimeizima. Mlangoni nimebandika karatasi: Mzazi wa mtoto mwenye usonji, karibu. Apige kelele, asipige, hapa ni kwenu.

Hakuja mtu. Ila muuza maji — akauliza usonji ni rangi mpya ya nywele? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamweleza. Kwamba binti yangu anaisikia taa ikivuma, mimi siisikii. Kwamba tunamwita Kasuku kwa sababu akiwa na furaha anakwambia "Povu jingi, nguo kung'ara!" kama tangazo la redio, na hayo ndiyo maneno aliyo nayo. Si jeuri. Si laana. Akanisikiliza, dumu limemning'inia mkononi. Akasema mtaa wa pili kuna fundi wa kuchomelea, mwanawe yuko vivyo hivyo, hamtoi nje.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi kaja! Kasimama mlangoni kama anadaiwa. "Shemeji, na akivunja kitu?" Nikamwambia basi kitavunjika. Mwanawe kaingia chini ya meza ya vioo, kwenye giza, akatulia huko. Hakuna aliyemvuta. Akaja pia bibi mmoja na mjukuu wake anayezungukazunguka. Bibi huyo ana maneno! Kasema jirani kamshauri amchape mtoto, naye akamjibu aanze kumchapa mumewe, maana naye hasikii akiitwa.

Tumecheka. Kisha fundi kasema ni mara yake ya kwanza kukaa mahali na mwanawe bila kuomba radhi. Akainama, akawa anatazama viatu vyake.

Nilitaka kumsimulia Dada. Nikaandika kwenye simu: leo wamekuja. Nikafuta. Alijifunzia kusuka kichwani mwangu yule, nikilia anakaza. Nani mwingine nimsimulie?

Alhamisi, 14 Machi

Mama kapiga simu. Nikauliza, Dada hajambo? Kasema yuko bize, yule mdogo anamsumbua. Anamsumbuaje? Mama akahamia kwenye magoti yake.

Jumatatu, 18 Machi

Wamekuja wengi, viti havikutosha. Walipoondoka nikawa nafagia, mlango ukagongwa. Dada! Mtoto mkononi.

"Nimekuja kusukwa."

Jumatatu! Anajua fika nimefunga. Nikamwambia karibu, kaa.

Hakukaa. Alimshusha mtoto, naye akaenda moja kwa moja kwenye kikapu cha vibanio. Akavimwaga. Akaanza kuvipanga sakafuni, vyekundu tupu, mstari umenyooka. Dada akamwita. Akamwita tena. Akapiga makofi. Mtoto hata shingo hakugeuza.

"Alikuwa anasema mama," Dada kasema. "Alikuwa anasema maji. Yamepotea yote."

Nikasema labda masikio, wamtazame kwanza. Akasema wameshatazama, mazima. Nikasema hata hivyo mimi si daktari, watoto hawafanani, huenda siyo. Akatikisa kichwa. Kisha, macho kwenye vile vibanio:

"Wako alianzaje?"

Nimemtamani Dada arudi, Mungu anajua. Kila siku nimetazama ule mlango. Lakini si kwa hili, jamani. Si kwa hili!

Nimesema naweka chai, nikakimbilia huku nyuma. Naandika nimesimama. Kwenye upenyo wa pazia namwona kakaa kwenye kiti cha wateja, taulo usoni, anajidai anafuta jasho. Kasuku kachuchumaa karibu na mdogo wake. Hagusi mstari. Kaokota kibanio kilichoviringika chini ya kiti, chekundu, kamnyooshea. Kimepokelewa. Dada kaviona vidole vya mwanawe vikikishika, kaacha kufuta uso.

Chai inachemka. Nitamwambia nini? Nianzie wapi — kwenye usingizi, kwenye mayowe, au kwenye siku ile ya kwanza alipoegemeza kichwa chake kwenye bega langu kwa hiari yake?

Ananiita. "Mdogo wangu?" Hajaniita hivyo tangu sherehe. Anaita tena, sauti imepasuka katikati. "Mbona umeniacha peke yangu huku?"

Naja, Dada. Naja, nishike tu vikombe vya chai.