Geji Niliyojua Imekufa

Jumamosi, alasiri. Mawingu yameikalia Kibiti tangu asubuhi na mvua haijashuka. Mikono yangu inanuka oili ingawa nimenawa mara tatu kwa sabuni ya unga. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea.

Leo nimefunga geji mbili za mtumba kwenye gari langu, lile jekundu la spoti, la milango miwili, ambalo wanafunzi wangu hulizunguka kila nikiliegesha shuleni. Moja ni ya presha ya oili, nyingine ya joto la maji. Hazitumii umeme. Zinaunganishwa na injini kwa mirija myembamba ya shaba, na mshale husogezwa na oili yenyewe, joto lenyewe.

Mwaka jana gari hili lilituzimikia karibu na Nyamwage. Nilikuwa nimemfuata mke wangu, Mwajuma, kwa mama yake Mohoro. Uchungu ulishamshika na nilikuwa namkimbiza hospitali. Injini ilichemka, ikakwama. Tulikaa pembeni mwa barabara mpaka lori la mchele likasimama. Mtoto wetu wa kike alizaliwa juu ya magunia.

Hakulia.

Msibani niliwaambia watu geji ilinidanganya, kwamba mshale ulikuwa katikati nami nikaamini injini iko salama. Wakanipa pole. Mwajuma alinisikia nikisema hivyo. Tangu siku ile hajakaa tena ndani ya gari hili, hata nilipolibadilishia injini.

Alhamisi nilikwenda Ruaruke kwa Bi Somoe, mjane wa dereva aliyekuwa akishindana mbio za magari. Gari la marehemu limebaki bodi tupu nyuma ya nyumba, lakini geji Bi Somoe alizifungua mwenyewe akazitunza kabatini, zimeviringishwa kwenye kanga. Nilimwomba tuijaribu ile ya joto kabla sijainunua. Akabandika sufuria ya maji jikoni. Yalipochemka nikatumbukiza ncha ya mrija, na mshale ukaanza kupanda taratibu.

Bi Somoe aliutazama mpaka ukasimama. Kisha akaniuliza, "Na hiyo yako, mwanangu, iliharibika lini?"

Watu wameniuliza mara nyingi gari lilizimika vipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza geji iliharibika lini.

"Kabla ya safari, mama," nikasema. "Wiki mbili kabla. Nilijua."

Nilikuwa nimeuona mshale umeganda pale katikati, injini iwe ya moto au ya baridi. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila siku nilisema nitaitengeneza Jumamosi.

Bi Somoe hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mkeo umemwambia?" Nikatikisa kichwa kukana. Akaziviringisha geji upya, akanikabidhi pamoja na kanga yake.

Kazi ya leo ilinichukua tangu saa mbili asubuhi. Nilitoboa bati linalotenga injini na miguu ya dereva, nikapitisha mirija, nikaivalisha mpira isije ikakatika. Nilipowasha mara ya kwanza, nati moja ilikuwa haijakazwa na oili ya moto ikanichuruzikia gotini. Nikazima, nikakaza, nikawasha tena. Presha ikapanda. Baada ya dakika chache joto nalo likaanza kupanda.

Mwajuma alitoka ndani kwa mlio wa injini. Akainama dirishani, akazitazama geji. Nikazima gari.

"Mwajuma, ile ya zamani nilijua ni mbovu. Nilijua kabla sijaja kukuchukua."

Akainuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Najua. Tulipokuwa tunaondoka kwa mama ulikigonga kile kioo cha geji kwa kidole, mara mbili. Halafu ukanitazama, kuona kama nimekuona."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Niseme mimi? Nilikuwa nakungoja wewe."

Akalia. Mwaka mzima sikuwahi kumwona akilia. Alikuwa akienda kulia kwa dada yake. Nilishuka, nikasimama karibu naye na mikono yangu ya oili, nisijue niiweke wapi. Yeye ndiye aliyeishika.

Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza, na sidhani nina haki ya kuuliza leo.

Baada ya swala ya adhuhuri aliniambia anataka kwenda Mohoro, kaburini. Nikasema gari sasa liko tayari, hata kesho.

"Kwa hilo gari, hapana," akasema. "Labda siku nyingine. Labda isiwepo."

Nimelifunika turubai. Kesho asubuhi tutapanda basi, mimi na yeye, twende tukamwone mwanetu.